Wiki Moja kwa Mwaka, Huo Nao Uwekezaji?

Staa akishalipwa kuposti, kila kitu kinaitwa "uwekezaji". Sasa zamu ya taimusheya: unanunua haki ya kukaa hotelini wiki moja kila mwaka. Jamani, hiyo ni likizo uliyolipia mapema! Ada ya matunzo inadaiwa kila mwaka, uende usiende, na huwa inapanda. Marekani wapo wanaoziuza kwa dola 1 tu ili waikwepe hiyo ada.

Huku Viwanja Sitini, kijana mwenye kiwanja chenye hati ya miaka 33, 66 au 99 anajenga, anapangisha, anakopea benki. Hata mpunga wa Kilombero unalala stoo ukisubiri bei. Wiki ya hoteli ikipita, imepita.

Kula bata ruksa. Ila usiuite mtaji.