Kicheko Hakimlishi Mchekeshaji

Sisi tuliokuwa watoto katika Kenya ya miaka ya 1980 hatuwezi kuusahau mchezo wa "Vitimbi". Tulijaa nyumbani kwa jirani mwenye televisheni, tukaketi sakafuni kumngojea Mzee Ojwang. Marehemu Benson Wanjau, naye ni Mkikuyu, aliigiza mzee wa Kijaluo, akabishana na Mama Kayai, na watu wa kila kabila wakacheka pamoja. Ni hotuba ngapi za umoja zilizofanya kazi kama hiyo?

Lakini alipougua macho uzeeni, ilibidi wananchi wamchangie fedha za matibabu. Alifariki mwaka 2015. Waliochanga twawashukuru; hata hivyo mchango ni huruma, wala si haki. Mwigizaji ni mfanyakazi sawasawa na seremala na kuli. Apewe ujira wa kutosha, awekewe akiba ya uzeeni, na kila mchezo wake uonyeshwapo tena, alipwe tena.

Kumlilia msanii kaburini ni rahisi. Yatupasa tumdaie haki yake angali hai, kwa maana furaha ya utoto wetu ilikuwa jasho lake.