Guinea: Mali iko ardhini, mifuko mitupu

Guinea ndiyo yenye akiba kubwa zaidi duniani ya boksiti, madini yanayotengenezewa aluminiamu. Ina pia dhahabu, almasi na chuma cha milima ya Simandou. Mbona basi wananchi wengi bado maskini?

Kwanza, boksiti karibu yote huuzwa ghafi, hasa China. Viwanda na ajira vinabaki huko huko.

Pili, siasa. Tangu uhuru mwaka 1958, jeshi limepindua nchi mara tatu: 1984, 2008 na 2021, Mamadi Doumbouya alipomng'oa Rais Alpha Condé.

Sasa serikali inazibana kampuni zijenge viwanda vya kusafisha boksiti nchini. Zikikwepa, reli mpya ya Simandou, zaidi ya kilomita 600, nayo itabeba mawe tu.