Maji na Mafuta ya Motokaa
Vijana wetu wengi wajua kuendesha motokaa. Wajuao kufunua boneti ni wachache. Basi twawausia: asubuhi, kabla injini haijawashwa, gari likiwa mahali palipo sawa, uchomolewe ufito wa kupimia oili, upanguswe, urudishwe mpaka mwisho, kisha uchomolewe tena na kutazamwa. Oili iwe kati ya alama mbili. Kuizidisha nako ni madhara.

Rejeta haifunguliwi ingali moto. Maji yaliyomo yamefungiwa kwa nguvu, na kifuniko kikilegezwa humrukia mtu usoni. Mwenye haraka na angoje.

Lakini lililo kubwa ni mafuta ya breki. Haya hayapungui bure: ama pedi zimelika, ama pana mahali pavujapo. Mwenye kuongeza kila juma pasi na kutafuta sababu, naye amewapakia mama na watoto, huyo twamwona acheza na roho za watu. Tena chupa iliyokaa wazi isitumiwe, kwani mafuta hayo hunyonya unyevu wa hewani. Breki zikipata moto mteremkoni, unyevu ule hugeuka mvuke, mguu ukakanyaga, na gari lisisimame.