MAARIFA YA NYUMBANI: Chembe Zishikanazo na Chembe Zilegeazo

Mwezi huu twataka kueleza jambo lisiloonekana kwa macho, bali kazi yake yaonekana katika kila nyumba hapa Ngerengere, tangu mtungini hata penye taa.

Vitu vingi tunavyovigusa vina chembe ndogo mno, ziitwazo molekuli. Chembe hizo huvutana na kushikana. Katika vitu vingine hushikana sana, katika vingine kidogo tu. Nguvu ya kushikana huko ndiyo ifanyayo kitu kiwe kigumu au cha majimaji, kichemke upesi au kikawie, kiruke hewani au kibaki chomboni.

Tazameni tone la maji juu ya jani la gimbi. Halitandai, bali hujikusanya kama ushanga, maana chembe za maji huvutana zenyewe kwa zenyewe kuliko zivutwavyo na jani. Kwa sababu ya nguvu hiyo maji hutaka joto la digrii 100 hivi ndipo yachemke. Nayo yarukapo kidogo kidogo katika ngozi ya mtungi, hapana budi kila chembe ichukue joto ili ijitoe kwa wenzake. Basi maji yaliyobaki huwa baridi.

Mwalimu apendaye kuwaonyesha watoto na afanye hivi. Mahali pasipo moto wala sigara, atie sahanini tone la spiriti, tone la maji, na tone la mafuta ya kupikia. Spiriti itatangulia kukauka, kisha maji. Mafuta yatakuwapo hata kesho. Spiriti hushikana kwa nguvu iliyo pungufu ya maji, nayo huchemka kwa digrii 78. Molekuli za mafuta ya kupikia ni ndefu, hugusana mahali pengi kama nyuzi za katani zilizolala pamoja, wala hazitengani upesi.

Sasa twaja kwa petroli. Molekuli zake ni fupi, tena zashikana kwa ulegevu. Hata isipochemka, huruka hewani saa zote, mchana na usiku. Mvuke wake hauonekani. Nao ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini, hujaa mashimoni na mitaroni, ukaweza kuukuta moto ulio mbali. Na kiwakacho si yale majimaji, ni huo mvuke. Mafuta ya taa yana molekuli ndefu zaidi, na katika joto la kawaida mvuke wake ni mchache. Ndiyo sababu yafaa kwa taa, na petroli haifai kamwe.

Haya si maneno ya ubaoni tu. Tarehe 10 Agosti 2019, pale Msamvu mjini Morogoro, lori la petroli lilipinduka. Watu wengi wakakimbilia na madumu ili kuteka. Petroli iliyomwagika chini waliiona. Ile iliyokwisha kupanda hewani kati yao hawakuweza kuiona. Moto ukalipuka, na watu zaidi ya 100 wakafa, wengine siku ile ile, wengine hospitalini baadaye. Hatuwahukumu, twaomboleza pamoja na jamaa zao, nasi twawapasha habari walio hai.

Basi yashikwe haya nyumbani:

1. Lori la mafuta likipinduka, ondokeni upesi, mwende mbali, wala msikae bondeni. Anayewasha kiberiti si yeye tu aletaye moto. Hata chuma kikigonga chuma, cheche moja yatosha.

2. Petroli isiwekwe chumbani wala jikoni, wala isichanganywe na mafuta ya taa, hata kidogo.

3. Petroli ikiwaka, msiimwagie maji. Chembe za maji na za petroli hazipatani. Petroli huelea juu ya maji, ikachukuliwa pamoja na moto wake. Moto ukiwa mdogo, ufunikeni kwa mchanga. Ukiwa mkubwa, kimbieni.

Wazazi, waambieni watoto jambo hili kabla hawajatumwa dukani na dumu. Walimu, walifundisheni kwa sahani na matone matatu. Mwezi ujao, tukijaliwa, tutaeleza jinsi sabuni ipatanishavyo maji na mafuta.