Baiskeli Inayolia

Baiskeli ikianza kulia, wengi wetu hukimbilia chupa ya mafuta ya kupikia. Kwa siku mbili tatu huwa kimya. Kisha mafuta hayo huganda, yakawa kama ulimbo, na kukusanya mavumbi. Mafuta machafu yaliyotolewa katika injini ya motokaa nayo si mazuri, kwa sababu yana masizi na chembe za chuma zilizosagika.

Mnyororo wataka mafuta mepesi, kama yale ya cherehani. Upanguse kwanza, utie tone moja katika kila kiungo, uzungushe pedeli, kisha ufute yote yaliyobaki nje. Pafanyapo kazi ni ndani ya kiungo. Mafuta ya nje hushika mchanga tu. Gololi za magurudumu na za pedeli zataka grisi, ambayo haitiririki. Lakini usiipake mnyororo, maana haipenyi.

Dawa ya kupuliza iitwayo WD-40, iliyobuniwa Marekani mwaka 1953, ilikusudiwa kufukuza maji. Yafaa kulegeza skrubu yenye kutu, ila haidumu mahali penye kazi nzito.

Sasa breki. Jirani yangu mmoja, mtu mwenye akili zake, alichoshwa na mlio wa breki akazitia mafuta. Mlio ulikwisha, na breki pia. Mtelemko wa kwanza ulimtupa katika shamba la mahindi, akavunjika mkono. Breki za mpira zikilia, rimu ioshwe kwa maji ya sabuni, na mpira usuguliwe kidogo kwa msasa.