Mkulima ajenge nyumba bora bila kumaliza miti

Mavuno yakiisha na fedha za mahindi zikaingia mkononi, jambo la kwanza kwa wakulima wengi wa Nyanda za Juu Kusini ni kujenga. Ndiyo maana kila kiangazi matanuru ya matofali hufuka moshi katika vijiji vya Iringa, Njombe na Mbeya. Nyumba ya matofali ya kuchoma na bati ni maendeleo, na hakuna wa kumlaumu mkulima anayetaka kuachana na nyumba ya nyasi.

Hata hivyo, bei ya tofali la kuchoma haionyeshi gharama yote. Mnunuzi hulipia kazi ya kufyatua na kuni zilizoletwa, lakini mara nyingi hakuna anayelipia kupanda mti mwingine mahali pa ule uliokatwa. Bandu bandu huisha gogo. Kuni zikiungua hutoa hewa ukaa inayoongeza joto duniani, na pasipopandwa miti hakuna kitakachoifyonza hewa hiyo tena. Anayekuja kulipa ni mkulima yule yule: chemchemi hupungua, mvua huchukua udongo wa shamba na akina mama hufuata kuni mbali zaidi.

Wapo wanaodhani dawa ni kuhamia tofali la saruji. Nalo lina deni lake. Ili kupata saruji, mawe ya chokaa huchomwa kwa joto la karibu nyuzi 1,450 za Selsiasi, na mbali ya moshi wa makaa, mawe yenyewe hutoa hewa ukaa. Utengenezaji wa saruji duniani unakadiriwa kutoa kati ya asilimia 7 na 8 ya hewa ukaa inayotokana na shughuli za binadamu.

Njia ya kati ipo, nayo si ngeni. Kwa miaka mingi Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi ulihimiza matofali ya kufungamana. Udongo huchanganywa na saruji kidogo, kwa kawaida kati ya asilimia 5 na 10, kisha hushindiliwa kwa mashine ya mkono. Hayachomwi. Huwekwa kivulini na kumwagiliwa maji kwa siku zisizopungua saba. Wakati wa kujenga hushikana yenyewe, hivyo saruji ya kuunganishia hupungua sana.

Ni kweli kuwa yapo majengo ya aina hii yaliyopasuka, na sifa mbaya ikaenea. Lakini mara nyingi kosa huwa la fundi wala si la tofali. Udongo mweusi wa mbugani haufai, kwa sababu huvimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Tofali lililoanikwa juani kabla ya kukomaa haliwi imara. Msingi usipoinuliwa na paa lisipotokeza vya kutosha, mvua hula ukuta. Mambo haya fundi anaweza kufundishwa kwa siku chache.

Tatizo kubwa ni mashine. Mkulima mmoja hawezi kuinunua kwa ajili ya nyumba moja, ila chama cha kuweka na kukopa kinaweza kuinunua na kuwakodishia wanachama. Kwa vijana wa kijiji hiyo ni ajira, na kwa mwenye duka la vifaa vya ujenzi ni biashara mpya, kwani saruji ataendelea kuiuza.

Halmashauri nazo zisibaki kuhubiri upandaji miti huku madarasa zinayosimamia yakijengwa kwa matofali yaliyochomwa kwa kuni za msituni. Mwanakijiji huamini anachokiona. Darasa moja lililojengwa vizuri kwa matofali ya kufungamana, likasimama masika baada ya masika, litamshawishi kuliko semina kumi.