Diski Haijafa, Haijaunganishwa Tu

Mteja anafika kaunta na diski ya IDE iliyochomolewa kwenye Pentium 4 ya ofisi. Ndani yake kuna hesabu za mishahara za 2004 na barua zisizo na nakala nyingine popote. Anaambiwa: "Hiyo haiungwi tena, tupa." Ushauri huu mmeusikia, na hoja zinazoutegemeza mmezisikia pia. Zikisemwa kwa mkupuo mmoja zinaonekana kusaidiana. Naomba mzipime moja moja, muone zinavyogombana zenyewe kwa zenyewe.

Ya kwanza inasema ubao mama wa leo hauna soketi ya IDE, basi diski haisomeki. Nusu yake ni kweli. Intel iliondoa kidhibiti cha IDE ilipotoa chipu za ICH8 mwaka 2006, na kwa miaka kadhaa baadaye watengenezaji wa ubao wakawa wanabandika chipu ya pembeni, mara nyingi ya JMicron, ili ile soketi ya pini 40 ibaki. Siku hizi huikuti. Tazameni sasa hilo "basi" lililopachikwa katikati. Kukosekana kwa soketi ni habari ya ubao, na haituambii lolote kuhusu diski. Zipo kadi za PCI Express zenye kidhibiti cha IDE, zipo adapta za kugeuza IDE kuwa SATA, zipo za USB. Diski inahitaji mambo matatu: njia ya kupitisha data, umeme unaostahili, na kidhibiti kinachojua lugha yake. Anayeihukumu athibitishe kwamba yote matatu yalikuwepo na bado ikakaa kimya.

Watu walewale ukiwabana wanatoa hoja nyingine: wamejaribu adapta ya USB, na kwa kuwa adapta hiyo husoma diski zote, isiyosomeka imekufa. Ngojeni kwanza. Muda mfupi uliopita diski haikuwa na pa kuungwa. Sasa imeungwa, na kushindwa kwake kumegeuka ushahidi. Wachague moja. Tuseme wamechagua hii ya pili. Umeme ulitoka wapi? Diski ya inchi 3.5 inataka volti 12 za kuzungushia mota na volti 5 za saketi, na mlango wa kawaida wa USB hauna hizo 12. Lazima adapta ije na chaja yake. Diski ya laptopu ya inchi 2.5 inatumia volti 5 peke yake, kupitia soketi yake ya pini 44, lakini inapoanza kuzunguka inaweza kudai mkondo unaokaribia ampea 1, wakati mlango wa USB 2.0 umepangiwa miliampea 500. Mota inajaribu, inasita, inajaribu tena. Fundi anausikia mlio wa mota hiyo na kutangaza kwamba kichwa kimekwisha. Kilichokwisha ni umeme.

Kisha kuna jampa, kile kipande kidogo cha plastiki chenye chuma ndani kinachofunika pini mbili kati ya soketi ya data na ya umeme. Diski iliyokuwa slevu kwenye mashine yake, yaani ya pili baada ya masta kwenye kebo moja, itabaki slevu mpaka mtu aihamishe jampa, na adapta nyingi zinatafuta masta. Diski nyingi za Western Digital zina ugumu wa ziada: zinatofautisha masta mwenye mwenzake na diski iliyo peke yake, na ukiiweka kwenye hali ya kwanza ilhali haina mwenzake, inaweza isionekane kabisa. Mara nyingi mchoro wa jampa umechapwa kwenye lebo ya diski yenyewe. Kuusoma hakuhitaji cheti. Diski za mwanzoni mwa miaka ya 1990 nazo zina lao: zinapokea anwani kwa silinda, kichwa na sekta, huku chipu za adapta nyingi zikituma namba ya sekta peke yake, kwa mfumo wa LBA. Hapo diski ni nzima, umeme umetimia, kebo haina kasoro, na bado hawaelewani. Hoja ya "imekufa" haina mahali pa kuiweka kesi kama hii. Haijui hata kwamba ipo.

Kuhusu kebo nitakuwa mfupi. Inadaiwa kwamba kebo ya nyaya 40 huharibu data, lazima itafutwe ya nyaya 80. Zile 40 za ziada ni nyaya za ardhi, zimepitishwa katikati ya nyingine ili mawimbi yasiingiliane kuanzia kasi ya Ultra DMA 66 kwenda juu. Kidhibiti kikigundua kebo ya zamani kinashusha mwendo hadi megabaiti 33 kwa sekunde. Kwa diski ya gigabaiti 40, adhabu yake ni kusubiri zaidi kidogo.

Lipo na onyo la kutisha: ukigeuza kebo ya data utaunguza ubao. Waliowahi kuigeuza kwa kawaida wamekuta mashine haioni diski, au inagoma kuwaka mpaka kebo irekebishwe. Hatari ya kweli iko hatua moja pembeni, kwenye plagi ya umeme ya pini nne. Waya wa njano una volti 12, mwekundu volti 5, na pembe mbili za plagi zimekatwa makusudi ili isiingie kinyume. Anayeilazimisha anapeleka volti 12 panapostahili 5, na saketi ya diski inaungua. Isitoshe, IDE haikuundwa kuchomekwa mashine ikiwa inawaka. Ajabu ni kwamba anayepiga kelele kuhusu kebo ndiye huyohuyo utakayemkuta akichomeka diski kwenye ubao uliowashwa.

Sasa tufike kwenye ushauri mbaya kuliko yote. Diski inaonekana, lakini Windows inauliza kama uifomati. "Kubali," anasema mshauri, "halafu tutarejesha faili kwa programu." Tumtendee haki: ni kweli kwamba kufomati kwa haraka hakufuti kila kitu, na programu za kurejesha faili zipo na zinafanya kazi. Hata hivyo swali la Windows lina maana moja tu, kwamba haikutambua mpangilio ilioukuta. Diski iliyotoka kwenye mashine ya Linux au Macintosh italetewa swali hilohilo ikiwa na afya kamili. Itaulizwa vilevile kama adapta inataja ukubwa wa sekta tofauti na ule uliotumika diski ilipoandikwa. Jibu katika hali zote hizo ni kubadili kompyuta au adapta, bila kuandika hata baiti moja. Kufomati kunaandika mpangilio mpya juu ya ule wa zamani. Ni kuchana ukurasa wa yaliyomo wa kitabu ili kuthibitisha kwamba kurasa zipo. Na mshauri akisahau kuteua fomati ya haraka, Windows kuanzia Vista hujaza sifuri diski nzima. Baada ya hapo hakuna programu ya kurejesha chochote, na mteja ataambiwa kwamba diski ilikuwa imekufa tangu mwanzo.

Hoja inayokaribia ukweli inasema: tafuta kompyuta yoyote ya zamani, chomeka, nakili. Naikubali kwa sharti moja. Vidhibiti vilivyotangulia mfumo wa anwani za biti 48 vinaishia gigabaiti 137, na Windows XP ya mwanzo, kabla ya Service Pack 1, ilikuwa na ukomo huohuo. Kwenye mashine kama hizo, kuandika kupita hapo kunaweza kurudi na kuangukia mwanzo wa diski, juu ya data iliyopo. Mashine ya zamani basi itumike kusoma, na diski kubwa zichunguzwe kwanza. Kinachonichekesha ni kuwa wanaoshauri hivi ndio walioishauri ofisi iuze Pentium 4 zake zote kama chuma chakavu.

Flopi nazo zimeingizwa humohumo, kwa madai kwamba drevu ya flopi ya USB inatosha. Inatosha kwa flopi za inchi 3.5 za mfumo wa PC. Za inchi 5.25 haziingii hata kwenye mdomo wake, na za kilobaiti 800 za Macintosh ziliandikwa kwa namna ambayo drevu hizo hazifuati. Kwa kazi hiyo kuna bodi ndogo kama Greaseweazle: upande mmoja kebo ya pini 34 kwenda kwenye drevu ya zamani, upande wa pili USB. Inasoma mabadiliko ya sumaku yenyewe na kuiachia programu kuyafasiri.

Diski hufa, hilo sibishani nalo. Beringi hukwama, vichwa hukwaruza sahani, na inayogonga kwa mdundo ilhali umeme unatosha izimwe papo hapo na ipelekwe kwa wenye vifaa vya kuifungua. Lakini kifo kinathibitishwa. Ukiambiwa diski yako imekufa, muulize fundi jampa ilikuwa wapi, umeme ulitoka wapi, na kidhibiti gani kilitumika. Akikosa jibu la lolote kati ya hayo, chukua diski yako uende kwa mwingine.